Kwa nini ombi dogo huchukua miaka: kusoma mipango ya programu huria za bekapu

Kwenye kila faili ambayo programu ya bekapu ya Amanda huiandika kwenye tepu, kilobaiti 32 za mwanzo ni maandishi ya kawaida yanayosomeka kwa macho. Yanataja jina la kompyuta, diski iliyonakiliwa na tarehe, kisha yanaeleza jinsi ya kurejesha: peleka tepu mwanzo wa faili hii, endesha `dd` ukiruka hizo kilobaiti 32, na kinachofuata kipitishe kwenye `tar`. Amanda yenyewe haihitajiki. Mtu atakayeiokota tepu hiyo miaka ishirini baadaye anahitaji mashine ya kuisoma na programu mbili ambazo zimo karibu katika kila mfumo wa jamii ya Unix.

Amanda ilizaliwa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nimeanza na maandishi yake hayo kwa sababu ndani yake kuna ahadi, na ahadi hiyo ndiyo inayoeleza mwendo wa kobe wa maboresho ya programu zote za aina hii. Programu ya kuandikia barua ikibadilishwa ukakosa kitufe ulichokizoea, utakasirika siku mbili kisha utazoea. Programu ya bekapu inawajibika kwa vitu ilivyoviandika zamani, pengine kwa amri ya mtu aliyekwishaacha kazi, kwenye diski ambayo hakuna aliyeigusa tangu hapo. Na siku inapoitwa kujibu ni siku mbaya: mashine imekufa, wakubwa wamesimama mlangoni, na anayerejesha hana muda wa kujifunza kilichobadilika toleo lililopita.

Kwa hiyo nikikutana na orodha ya maboresho yaliyopangwa, kila ombi nalipitisha kwenye swali moja. Je, litagusa namna data inavyoandikwa, au litagusa tu namna kazi inavyoendeshwa? Kuweka kikomo cha kasi ili bekapu isiumeze mtandao wote mchana, kutuma ripoti zinazoeleweka, kuongeza ukurasa wa usimamizi kwenye kivinjari: hayo ni mambo ya uendeshaji. Yanaweza kuingia toleo lolote, na yakikosewa yanasahihishwa toleo linalofuata. Ombi linalogusa umbizo la data ni habari nyingine. Kosa lake linaandikwa kwenye diski za watu na kubaki huko, likingoja.

Nini, na kwa nini

Bacula, ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000 na kuitoa kwa umma mwaka 2002, inaonyesha vizuri viungo vya programu ya bekapu ya mtandao. Kuna Director, msimamizi anayeshika ratiba na kutoa amri. Kuna File Daemon, inayokaa kwenye kila kompyuta inayonakiliwa na kusoma faili zake. Kuna Storage Daemon, inayopokea data na kuiandika kwenye diski au tepu. Na kuna katalogi, yaani hifadhidata inayokumbuka faili gani ilinakiliwa lini na imelala wapi. Data yenyewe haipiti kwa msimamizi. Inatoka kwenye kompyuta ya mtumiaji na kwenda moja kwa moja kwenye hifadhi.

Viungo hivyo vinaruhusiwa kuwa na umri tofauti, ila kwa masharti: Director na Storage Daemon ziwe za toleo moja, lakini File Daemon inaweza kuwa ya zamani zaidi yao. Aliyewahi kusimamia kompyuta mia mbili anaelewa mara moja. Seva unaweza kuzisasisha usiku mmoja. Kompyuta za watu zimetawanyika, nyingine zimezimwa, nyingine zina mfumo wa kale ambao hakuna anayethubutu kuugusa. Kila uboreshaji wa mazungumzo ya mtandaoni kati ya viungo hivi lazima basi ujue kuzungumza na mzee ambaye hajausikia.

Kwa miaka kadhaa mradi huo uliweka maombi ya maboresho katika faili moja ya maandishi, na watumiaji wakayapigia kura. Kila ombi lilifuata fomu ile ile: tarehe, aliyeliomba, hali yake, kisha sehemu mbili zilizotenganishwa, moja ikiuliza nini kinatakiwa na nyingine ikiuliza kwa nini. Naipenda fomu hiyo. Watu huja na "nini" tayari wamekwishaiamua, lakini ukisoma "kwa nini" yao unakuta shida ambayo inaweza kutibiwa kwa dawa tofauti kabisa na ile waliyoiomba.

Chukua mtu anayeomba nakala kamili kila usiku. Ukimuuliza sababu, atakwambia anaogopa mnyororo: nakala kamili ya mwanzo wa mwezi, kisha nakala za nyongeza za kila siku, na siku ya kurejesha zote zinapangwa moja juu ya nyingine, pete moja ikikatika basi. Hofu yake ni ya haki. Lakini kunakili kila kitu kila usiku kupitia mtandao ni mzigo usiobebeka. Jibu lililoingia kwenye Bacula 3.0 mwaka 2009 lilikuwa kuunda nakala kamili kutokana na vipande vilivyokwisha kuwepo kwenye hifadhi, bila hata kuigusa kompyuta ya mtumiaji. "Nini" ya muombaji haikutimizwa. "Kwa nini" yake ilitimizwa.

Folda iliyohamishwa

Toleo hilo hilo lilileta kitu kingine kinachostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kasoro iliyotibiwa ilikuwa inajificha vizuri mno.

Tuseme Jumapili nakala kamili imechukuliwa. Jumanne mtu anachukua folda ya mikataba ya zamani kutoka kona nyingine ya diski ile ile, kona isiyonakiliwa, na kuihamishia ndani ya folda inayonakiliwa. Kwenye Linux, kuhamisha folda ndani ya diski moja ni kubadilisha tu mahali jina lake lilipoandikwa. Faili zilizomo hazijui hata kama zimehama, na tarehe zao hazibadiliki. Usiku programu inapita na kuuliza kila faili: umebadilika tangu Jumapili? Mikataba inajibu kwa ukweli kabisa: hapana, mimi ni wa miaka mitano iliyopita. Programu inaipita. Ripoti ya asubuhi inasema kazi imekamilika bila hitilafu. Diski ikifa Jumatano, mikataba imekwenda nayo.

Kuna na upande wa pili. Faili iliyofutwa Jumatatu bado imo kwenye nakala ya Jumapili, na hakuna kitu kwenye nakala za nyongeza kinachosema kwamba ilifutwa. Ukirejesha, inafufuka. Faili moja haina neno. Lakini kwenye seva ambayo watu hufuta vitu vikubwa kila siku ili kupata nafasi, kurejesha kunaweza kuijaza diski mpya kabla hakujafika mwisho.

Dawa ni rahisi kuitamka: usiulize tarehe, linganisha na orodha. Director anatoa kwenye katalogi orodha ya kila kitu kilichonakiliwa na kuituma kwa File Daemon, nayo inatazama kipi kimeongezeka na kipi kimetoweka. Gharama yake iko hapo hapo. Kompyuta yenye faili milioni kadhaa inalazimika kupokea orodha ya mamilioni hayo kabla ya kuanza kazi na kuikumbuka muda wote inapofanya kazi. Ndiyo maana njia hiyo iliwekwa kama chaguo la kuwashwa na msimamizi, haikulazimishwa kwa wote. Ningekuwa mimi, ningeiwasha kila mahali kumbukumbu inaporuhusu. Ripoti inayosema "bila hitilafu" huku mikataba ikiwa nje inanitia hofu kuliko bekapu inayokwenda polepole.

Mkasi unaosoma

Maombi mengi ya miaka ya karibuni yanazunguka nafasi ya diski: usiandike kitu kile kile mara mbili. Ili kuyaelewa inabidi uelewe mkasi.

Chukua sentensi "Barua imefika leo asubuhi" na uikate kila baada ya herufi tano, ukihesabu na nafasi. Unapata "Barua", " imef", "ika l", "eo as", "ubuhi". Sasa weka herufi X mwanzoni na ukate tena: "XBaru", "a ime", "fika ", "leo a", "subuh", "i". Hakuna kipande hata kimoja kinachofanana na vya mwanzo. Herufi moja imeongezwa, na kwa programu inayokata hivi sentensi nzima ni mpya, itaandikwa yote upya.

Kata sasa kwa kanuni nyingine: kila unapokutana na nafasi. "Barua", " imefika", " leo", " asubuhi". Ukiweka X mwanzoni, kipande cha kwanza kinakuwa "XBarua" na vingine vyote vinabaki vilevile. Mipaka inatoka kwenye maandishi yenyewe, kwa hiyo inasogea pamoja nayo.

Programu haziwezi kutegemea nafasi kati ya maneno, maana faili nyingi hazina maneno. Badala yake zina dirisha dogo linaloteleza juu ya data baiti kwa baiti, na kila hatua zinapiga hesabu ya kilicho ndani ya dirisha. Hesabu ikitoa namba ya umbo fulani, tuseme inayoishia na sufuri kadhaa, hapo mkasi unashuka. Ujanja wa hesabu inayoteleza bila kuanza upya kila baiti ndio ulioifanya rsync, programu ya kunakili faili iliyotolewa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, iweze kutambua sehemu zinazofanana za faili mbili zilizo pande mbili za mtandao. Programu ya bekapu ya restic inatumia hesabu iliyobuniwa na Michael Rabin, na vipande vyake huwa kati ya kibibaiti 512 na mebibaiti 8, vikilenga wastani wa mebibaiti 1. Mwenzake BorgBackup, kwa kifupi Borg, inatumia hesabu ya jamii nyingine, lakini wazo ni lile lile. Zote mbili huchanganya siri kwenye mkasi wao, ili mtu anayeona ukubwa wa vipande tu asiweze kukisia kwamba una faili fulani inayojulikana.

Ukishaelewa mkasi unaelewa kwa nini ombi linaloonekana dogo, kwa mfano "tubadilishe ukubwa wa vipande uwe bora zaidi", linawafanya watunzaji wa miradi wavute pumzi. Mkasi mpya hukata mahali papya. Hakuna kipande kipya kitakachofanana na cha zamani, na bekapu ya usiku wa kwanza baada ya mabadiliko itaandika kila kitu upya kana kwamba haijawahi kukiona. Wanaosukuma data kwenye mtandao mwembamba wangechukua wiki kulipia uboreshaji ambao hawakuuomba.

BackupPC ya Craig Barratt, iliyoanza mwaka 2001, ilitatua tatizo la marudio kwa njia tofauti, na hadithi yake inafundisha. Ilihifadhi kila faili mara moja kwenye bwawa moja, kisha kila nakala ya kila kompyuta ikawa na jina la ziada linaloelekea kwenye faili hiyo. Mfumo wa faili wa Unix unaruhusu jambo hilo, faili moja majina mengi, na unahesabu wenyewe majina yaliyobaki. Jina la mwisho likifutwa, faili inaondoka. Ilikuwa nadhifu. Hapakuwa na hifadhidata ya kuharibika, hesabu yote ilibebwa na mfumo wa faili.

Kisha mabwawa yakakua. Mtu aliyetaka kuhamia diski kubwa zaidi aligundua kwamba kunakili mamilioni ya majina huku ukihifadhi uhusiano wao ni kazi inayoweza kuishinda hata rsync, maana lazima ikumbuke kila jina lililoelekea wapi. Nimewahi kukaa na kazi ya namna hiyo. Siku ya kwanza inakwenda mbio, ya pili inajikokota, ya tatu kumbukumbu ya mashine imejaa na haisogei. Mwishowe nilinakili diski nzima baiti kwa baiti, pamoja na nafasi zake tupu.

Toleo la 4.0.0, lililotoka Machi 2017, liliyang'oa majina hayo ya ziada. Sasa BackupPC inahesabu yenyewe ni nakala ngapi zinaitegemea kila faili. Pia iligeuza mwelekeo wa mnyororo: nakala ya karibuni ndiyo huwa kamili, na za zamani huhifadhiwa kama tofauti za kurudi nyuma. Uamuzi huo wa pili nauheshimu sana, kwa sababu umetazama maisha halisi. Watu karibu daima wanataka kurejesha ya jana. Wacha ya mwaka jana ndiyo igharimu hesabu nyingi zaidi. Na toleo hilo jipya liliendelea kuzisoma nakala zilizoandikwa na toleo la 3, huku likija na programu ya kuzihamisha kwa anayetaka.

Kubana, kufunga, kuhama

Restic ilianza mwaka 2014. Kubana data lilikuwa ombi la tangu siku zake za mwanzo, na lilitimizwa kwenye toleo 0.14.0, Agosti 2022. Mgeni angeuliza: kubana faili ni teknolojia ya miongo mingi, imechukuaje muda wote huo?

Mpangilio wa kazi ndio unaobana. Data iliyosimbwa vizuri, yaani iliyofungwa kwa ufunguo wa siri, inaonekana kama kelele tupu, na kelele haibaniki. Kwa hiyo lazima ubane kwanza ndipo ufunge kwa ufunguo, na hayo yote yafanyike kwenye kompyuta ya mtumiaji, maana seva haina ufunguo na haitakiwi kuwa nao. Huwezi kuiachia diski ya seva ijibanie. Kisha kila kipande kinahitaji kusema kama kimebanwa au la, na urefu wake halisi ni upi, na mahali pa kuandika habari hizo hapakuwepo kwenye umbizo la kwanza. Programu ya zamani ikikutana na kipande cha namna hiyo haitakielewa. Ombi la "bana tu" likageuka kuwa umbizo la pili la hifadhi, na umbizo la pili haliandikwi kwa pupa.

Restic iliwavusha watu kwa amri moja inayopandisha daraja hifadhi ile ile. Vipande vya zamani vinabaki bila kubanwa, vinasomeka, na anayetaka anaweza baadaye kuagiza vibanwe. Ni njia ya upole, haihitaji diski ya pili. Ubaya wake ni kwamba restic za kabla ya 0.14.0 haziwezi tena kuifungua hifadhi hiyo.

Borg imechagua barabara nyingine kwa toleo lake la 2, ambalo limekaa muda mrefu kwenye majaribio. Hapo unaunda hifadhi mpya pembeni na kuhamishia nakala zako kwa amri ya `borg transfer`. Inataka nafasi ya hifadhi mbili kwa wakati mmoja, na wengi wamelalamikia hilo. Mimi nasimama na Borg. Hifadhi ya zamani haiguswi hata kidogo, na siku ya tatu ukigundua kasoro bado unayo ile ya juzi, nzima, na programu yake inayoijua.

Sababu ya Borg kukubali gharama hiyo inastahili maelezo, kwa kuwa inagusa ombi ambalo karibu kila mtu mwenye kompyuta zaidi ya moja huliomba: tuandike sote kwenye hifadhi moja, ili faili zinazofanana zihifadhiwe mara moja. Borg ilichipuka kutoka programu iitwayo Attic mwaka 2015 ikiwa na usimbaji wa AES wa namna ya kuhesabu. Ufunguo na kihesabio huzalisha mkondo mrefu wa namba, na data huchanganywa na mkondo huo. Usalama wote unategemea sharti moja, kwamba sehemu moja ya mkondo isitumike mara mbili. Ikitumika mara mbili, aliye na matokeo yote mawili anaweza kuyachanganya, mkondo ukajifuta, na kilichobaki kikafichua data.

Kompyuta moja inaweza kukumbuka imehesabu hadi wapi. Zikiwa mbili, inabidi kitu cha katikati kikumbuke kwa niaba yao, na cha katikati ni seva, yule yule ambaye usimbaji ulibuniwa ili tusilazimike kumwamini. Seva yenye nia mbaya inaweza kuiambia kompyuta ya pili, "kihesabio kiko hapa," huku kikiwa kimekwishapita. Ndiyo maana nyaraka za Borg 1 zinatahadharisha dhidi ya kompyuta kadhaa kutumia hifadhi moja kama seva haiaminiki. Kwenye toleo la 2 kila kikao cha kazi kinapata ufunguo wake mwenyewe uliozalishwa kutoka ule mkuu, na hitaji la kihesabio cha pamoja linaondoka. Huwezi kurekebisha hilo kwa kiraka. Lazima ufunge upya kila kipande.

Adui mwenye ruhusa

Kundi jingine la maombi linatoka kwa waliowahi kuvamiwa na programu za kuteka data na kudai fidia. Wavamizi hao hutafuta bekapu kwanza, kwa sababu mwenye bekapu hana haja ya kulipa.

Hapa mwelekeo wa data unabadilisha kila kitu. BackupPC huvuta: seva ndiyo inayoingia kwenye kompyuta na kuchukua faili, hivyo aliyevamia kompyuta moja hana njia ya kufikia bwawa. Lakini aliyeivamia seva ameshika funguo za nyumba zote. Borg na restic husukuma: kila kompyuta inajua tu kupeleka vitu vyake, ila kwa kawaida inajua pia kuvifuta.

Jibu lililozoeleka ni ruhusa ya kuongeza tu. Kompyuta inaweza kuandika nakala mpya na haiwezi kuondoa za zamani. Linaonekana limemaliza kazi, na wengi huishia hapo. Tatizo ni kwamba diski hujaa, na lazima siku moja mtu mwenye ruhusa kamili apite kufuta za zamani. Mvamizi mwenye subira anaweza kumtumia huyo. Kwenye Borg 1, agizo la kufuta lililotolewa chini ya ruhusa ya kuongeza tu huandikwa kwenye kumbukumbu bila kutekelezwa papo hapo, na unaweza kulirudisha nyuma ukilitambua mapema. Lakini msimamizi akija na ruhusa yake kamili na kuendesha usafishaji bila kukagua, anatekeleza kwa mkono wake kile mvamizi alichokiacha. Kwenye restic mvamizi anaweza kuingiza nakala nyingi za uongo zenye tarehe alizozichagua yeye, ili kanuni ya "bakiza thelathini za mwisho" izisukume nje zile za kweli. Ndiyo maana nyaraka zake zinashauri kanuni za kubakiza kwa kipindi cha muda kuliko kwa idadi.

Kwa hiyo uboreshaji ninaoutamani kuuona kwenye mipango zaidi ya mwingine wowote wa usalama ni huu: anayefuta aonyeshwe kwanza kwa lugha nyepesi ni nini kitaondoka na kimeingia kutoka wapi, na programu ikatae kwa chaguo-msingi inapoona sura isiyo ya kawaida, kwa mfano nakala ishirini ndani ya saa moja kutoka kompyuta inayonakiliwa mara moja kwa siku. Huo ni uboreshaji wa uendeshaji. Haugusi umbizo. Unaweza kuingia toleo lijalo.

Kurejesha

Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu, akihangaika usiku na hifadhidata iliyokuwa na matatizo, alifuta folda ya data kwenye seva ambayo siyo aliyoikusudia. Kampuni ilieleza yote hadharani, na kwa hilo imetufaa sisi sote. Bekapu za kawaida hazikuwepo: programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo la 9.2 la PostgreSQL, programu ya hifadhidata waliyoitumia, wakati hifadhidata yenyewe ilikuwa 9.6, ikawa inashindwa kila mara. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko zilikataliwa njiani na seva ya barua kwa sababu ya mipangilio ya uthibitisho wa mtumaji. Waliokolewa na picha ya diski ambayo mtu aliichukua kwa kazi nyingine saa sita kabla. Walichokiandika watumiaji wao kwenye hifadhidata katika saa hizo sita kilipotea.

Hakuna kubana, mkasi wala usimbaji ambao ungesaidia hapo. Kilichokosekana ni mtu au programu ya kujaribu kurejesha na kupiga kelele ikishindikana. Vifaa vya ukaguzi vipo. Bacula ina kazi za kuhakiki, Borg ina `borg check`, na restic inaweza kusoma sehemu ya hifadhi kila siku, tuseme moja ya saba, ili wiki ikiisha kila kipande kiwe kimesomwa. Lakini kuhakiki kwamba vipande ni vizima bado hakujibu swali la mwenye hifadhidata: je, itawaka? Ombi la kurejesha kwa majaribio kwa ratiba, kwenye mashine pepe, kisha kuendesha amri ya mtumiaji mwenyewe na kuripoti jibu lake, ningelipigia kura zangu zote. Na ripoti ifanye kazi kwa kinyume na ile ya GitLab: ukimya uhesabiwe kuwa hitilafu. Usipopata ujumbe wa "nimerejesha, nimeona" kufikia saa fulani, kitu kingine, kilicho nje ya mfumo huo, kikuamshe.

Kwa wanaosubiri kuhama kutoka umbizo moja kwenda jingine mwaka huu, hivi ndivyo ninavyofanya. Kwa programu ya zamani narejesha folda moja kubwa yenye mchanganyiko wa vitu: picha, hifadhidata, majina marefu, majina yenye herufi za ajabu, faili tupu. Napiga `sha256sum`, hesabu inayotoa alama ya kutambulisha yaliyomo, kwa kila faili na kuiweka orodha pembeni. Nahama. Kwa programu mpya, kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona hifadhi hiyo, narejesha folda ile ile na kulinganisha orodha mbili, pamoja na ruhusa na tarehe za faili. Zikilingana, programu ya zamani naihifadhi kwenye diski ile ile ilipo hifadhi ya zamani, pamoja na faili moja ya maandishi ya kawaida iliyo na jina la toleo, mahali ufunguo ulipo, na amri ya kurejesha, nzima, kama Amanda inavyoiandika mwanzoni mwa kila faili yake.